Abiria Mmoja

Kila kosa lina umri wake.
Naujua kama mkulima ajuavyo meno ya farasi:
kupita taa nyekundu hufa mapema,
ajali hukaa, hukaa,
na ulevi ni mgeni asiyeaga,
unamkunjia mkeka, anaukunjua.

Miaka kumi na minane nimeketi dirisha la pili,
ofisi ya leseni, Dauphin, Manitoba,
hita ikinikoholea miguuni.
Huja wananukia theluji na petroli,
huuliza swali lilelile kwa sauti ya kanisani:
"Litaniondoka lini?"
Kijana wa Paquette anatembea na kalenda mfukoni,
anazikata siku kwa kalamu nyekundu,
bima inamla mshahara.
Bibi Lindqvist aligonga sanduku la barua, mara moja tu,
polepole, anasema, karibu kwa adabu;
anataka nimwambie kwamba halihesabiki.
Linahesabika.
Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Sisi huyazoa, ila kwa tarehe.

Jumatano akaja Taras Bohonos,
mlima ngano, kofia mkononi,
masikio yamewiva kwa baridi.
Akalipia nakala ya rekodi yake.
Akaisoma palepale, wima,
kidole kikifuata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza.

*Ajali. Kulungu. Taa ya kushoto imevunjika.*
*Abiria mmoja. Hakuna aliyeumia.*

"Palikuwa na mstari mwingine hapa," akasema,
"wa mwendo. Mia na arobaini na moja.
Saa nane na dakika kumi, usiku uleule."
"Umri wake uliisha," nikamjibu.
Nikatabasamu kama tulivyofundishwa:
"Na huu nao unafutika Ijumaa. Bahati yako."

Hakutabasamu.
"Unaweza kubaki?"

Nilidhani sikusikia vizuri.
Akaigeuza karatasi, akanielekezea,
ukucha wake mweusi chini ya neno *abiria*.
"Huyu ni Olesia.
Nilikuwa namkimbiza hospitali.
Polisi alimmulika tochi usoni,
akamwuliza, mama, umeumia?
Akasema, hapana, mwanangu,
kamtazame huyo mnyama."

Hita ikakohoa.
Nyuma yake mtu akaburuta buti sakafuni.

"Hospitali wana karatasi yao.
Kanisa lina yake. Mchonga jiwe naye ameandika.
Karatasi zote za wiki ile zasema jambo moja.
Hii peke yake inasema hajaumia."

Nilitafuta.
Kuna fomu ya kupinga kosa,
kuna fomu ya kulipa kidogokidogo,
kuna ya rangi ya waridi, ya waliobadili jina.
Hakuna ya mtu anayeomba asisafishwe.

Nikamchapia nakala ya pili, sikumtoza.
Nikaigonga muhuri, mkono mzito,
ijapokuwa muhuri ule
hauthibitishi kitu ila kwamba nilikuwepo.
Nikamweleza kwamba kufuta si kuchoma:
ni kwamba kuanzia siku hiyo
tukiulizwa, hatujibu.
Akatikisa kichwa taratibu,
kama mtu aliyekwisha kuifahamu nyumba ya namna hiyo.
Akazikunja nakala mbili, akazitia ndani ya kofia,
akaivaa kofia, akatoka.

Jumatatu nililifungua jina lake.
Sikuwa na sababu ya kulifungua.
*Hakuna kosa. Hakuna ajali.*
Bima itamshukia dola thelathini na tano kwa mwezi.
Barua ya pongezi ilikwisha kujichapisha yenyewe,
*Mpendwa dereva*,
inasubiri bahasha.

Ni Alhamisi sasa.
Bado iko mezani, chini ya kikombe changu,
na duara la kahawa limeanza kukauka
juu ya neno *safi*.